Bastola Iliyoachwa Kusafishwa

Kila asubuhi, Royce Kessel alipogeuza kibao cha mlangoni kuonyesha kwamba duka lake la silaha na vifaa vya shamba liko wazi, Verlin Hergert alikuwa amekwisha kusimama nje, mgongo ameupa upepo. Aliingia, akafuta viatu hata kama havikuwa na tope, akavua kofia na kuiweka juu ya kioo cha kaunta, tundu likitazama juu, ili bahati isimwagike. Kisha alisema maneno yaleyale.

"Habari ya asubuhi, binti. Hebu niione tena."

Britta, mpwa wa Royce aliyeuza kaunta, aliweka kitabu chake kando. Alifungua kabati la kioo, akatoa bastola ileile, akafungua kilango cha pembeni na kuzungusha silinda tundu baada ya tundu, mpaka wote wawili wakaona kwamba haina kitu. Ndipo akampa, mpini ukitangulia.

"Ruhusa ya kuvuta nyundo?"

"Vuta tu, Mzee Verlin."

Aliivuta nyundo kwa kidole gumba, polepole, ameinamisha kichwa. Bastola za namna ile, za mtindo wa wachunga ng'ombe wa zamani, hulia mara nne nyundo inapokwenda nyuma, na Verlin alisikiliza kila mlio kama mtu anayesikiliza kifua cha mgonjwa. Akairudisha taratibu bila kuiachia ipige patupu, maana kupigisha nyundo ya bastola ya mwenzako ni utovu wa adabu. Halafu aliisukuma juu ya kioo kuelekea kwa Britta.

"Kaa nayo," alisema, akavaa kofia na kutoka.

Ilikuwa hivyo tangu maji ya mfereji yalipofungwa mwishoni mwa kiangazi. Sasa viazi vya sukari vilikuwa vinang'olewa, malori yalipita mchana kutwa yakidondosha udongo barabarani, na harufu ya kiwanda cha sukari ililala juu ya mji wa Heldt kama blanketi lenye unyevu. Verlin alikuwa mgawa maji. Maisha yake yote ya kazi aliendesha gari kando ya mfereji, akizungusha magurudumu ya chuma kufungua malango madogo ya mashamba na kuyafunga. Hakuna mkulima wa Heldt ambaye hakuwahi kumbembeleza. Jibu lake lilikuwa moja kwa tajiri na kwa maskini: maji kesho. Wakulima walimlaani mbele yake na kumsifu nyuma yake, kwa kuwa kesho ilipofika, maji yalifika.

Mwaka huu kampuni ya mfereji ilimstaafisha. Mkewe, Ardith, alikuwa amezikwa majira ya kuchipua, baada ya ugonjwa mrefu wa figo. Kwa hiyo mfereji ulipokauka, Verlin alibaki na nyumba, paka, na redio ya bei za mazao ambayo hayakuwa yake.

Aliyemtia kwenye mambo ya bastola ni Gaylen Ochsner, mkulima wa viazi vya sukari mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Gaylen alikuwa mmoja wa wale ambao Jumamosi huvaa mabuti na vizibao vya enzi za mababu, wakaenda kwenye machimbo ya zamani ya changarawe kushindana kulenga sahani za chuma. Kila mmoja wao ana jina la bandia, na jina likishachukuliwa na mtu halichukuliwi na mwingine. Gaylen aliitwa Mchungaji Bila Kondoo. Mwalimu wa hesabu aliitwa Salio Sifuri. Mwuguzi mmoja mnene, mcheshi, alijiita Sindano ya Shangazi, na hakuna aliyetamani kushindana naye.

"Unaoza humo ndani," Gaylen alimwambia Verlin siku moja akiwa amesimama kibarazani kwake na sufuria ya supu iliyotoka kwa mkewe. "Njoo Jumamosi. Tutakuazima kila kitu. Ukipenda, utanunua."

Verlin akaenda. Akapenda, au alisema amependa. Ndipo akaanza kuja dukani kuchagua bastola yake ya kwanza.

Siku ya kwanza Britta alimtandikia tatu juu ya kitambaa. Ya kwanza iling'aa kama kijiko cha harusi, saizi ya arobaini na tano, zile wanazozipenda vijana. Verlin aliivuta nyundo mara moja tu, akakunja uso. Kidole gumba chake kilivunjwa na gurudumu la lango la mfereji miaka mingi nyuma na hakikuunga sawasawa. Ya pili ilitoka Italia, ilikuwa mpya na nyepesi kuvuta, lakini mpini wake ulipotea katika kiganja chake. Ya tatu ilikuwa imetumika. Iliachwa na mpishi wa shule aliyehamia Arizona kufuata joto. Weusi wa chuma chake ulikuwa umechujuka penye kingo, nyundo yake ilikuwa pana na imelala chini, na saizi yake ilikuwa thelathini na nane, ambayo haimrushi mtu mkono.

"Mtu hachagui bastola kwa macho," mjomba Royce alizoea kuwaambia wateja. "Anachagua kwa kidole gumba. Mchana mmoja utaivuta nyundo hiyo mpaka uichukie."

Lakini siku ile Royce hakusema neno. Verlin alipoingia tu, yeye alichukua tupa yake akaenda chumba cha nyuma. Na kila asubuhi baada ya hapo alifanya vivyo hivyo. Britta alisikia tupa ikikwaruza chuma kwa muda wote ambao Verlin alikuwa kaunta, na kunyamaza mlango ulipofungwa.

Britta hakuhitaji kuambiwa sababu. Alikuwa chuo kikuu Laramie yalipotokea, lakini Heldt ni mji mdogo.

Katika chumba cha nyuma kulikuwa na rafu yenye mlango wa wavu na kufuli. Iliwekwa na babu yake Britta. Juu yake zililala bunduki na bastola za watu wa Heldt, kila moja na kijikaratasi kilichofungwa kwa uzi: jina la mtu, na chini yake neno moja, kusafishwa. Baadhi zilikuwa zikisafishwa kwa miaka miwili. Mwanamume aliyeachwa na mkewe alileta yake. Mke aliyeona mumewe halali tena alileta ya mumewe imefungwa katika taulo. Mkulima aliyepoteza shamba alikuja mwenyewe, akaweka tatu kaunta, akasema zina vumbi. Royce alijibu kwamba kweli, vumbi la mwaka huu ni baya. Hakuna aliyeuliza. Mtu aliporudi na kusema kazi ya kusafisha nadhani imekwisha, Royce alifungua kufuli na kumpa. Hapo pia hakuna aliyeuliza. Ndiyo ilikuwa heshima ya duka lile, na watu waliliamini kwa sababu hiyo.

Lyle, mtoto wa pekee wa Verlin, alirudi kutoka jeshini akiwa mtu wa kukaa ndani ya gari lililozimwa. Verlin mwenyewe aliileta bastola ya Lyle dukani, majira ya baridi, akasema ina vumbi. Ilipofika wakati wa kufungua maji, Lyle alikuwa anacheka tena. Alipaka rangi ghala la mama yake. Alimwomba baba yake waende wakaichukue bastola, wakapige makopo mtoni kama zamani. Wakaja wote wawili. Lyle alimtania Royce kuhusu kipara chake, Royce akacheka, akafungua kufuli. Baba alisimama pale pale, kofia juu ya kioo.

Lyle alijiua kwa bastola ile kabla ya wiki kwisha.

Baada ya mazishi Verlin alitoa kila silaha iliyokuwamo nyumbani, hata bunduki ya kufukuzia mbweha, akampa Gaylen na kumwambia asizirudishe. Tangu siku hiyo hapakuwa na bunduki katika nyumba ya Hergert. Sasa Ardith hayupo, na Verlin anakuja kila asubuhi kushika bastola ya mpishi wa shule.

Asubuhi moja Gaylen alimkuta pale.

"Verlin, unaposa au unanunua? Mwezi mzima unamshika mkono tu. Nenda ukaone wazazi!"

"Namchunguza tabia."

"Tabia gani? Ni chuma! Binti, huyu mzee ananusa bidhaa zenu kama bibi sokoni. Mpandishie bei."

Britta aliona haya, akacheka na kutazama chini. Ndivyo alivyokuwa. Chuoni alikaa viti vya nyuma na majibu yake mdomoni mpaka kipindi kikaisha.

"Na jina?" Gaylen aliendelea. "Jumamosi ni shindano la mwisho kabla ya theluji. Huwezi kusimama mstarini unaitwa Verlin kama karani."

"Sijalifikiria."

"Sisi tumelifikiria. Tumepiga kura. Wewe ni Maji Kesho."

Verlin alimtazama, kisha mabega yakaanza kumtikisika. Ilikuwa mara ya kwanza Britta kumsikia akicheka. Kicheko chenyewe kilikuwa kikavu, kimekaa kabatini muda mrefu. Nyuma, tupa ilisimama.

"Kura ya nani?" Verlin akauliza.

"Ya kila mtu uliyewahi kumnyima maji. Ilibidi tuazime viti."

Jumamosi upepo ulivuma kutoka kaskazini. Kwenye machimbo walikuwa wamejenga ukumbi wa mbao uliofanana na baa ya zamani, na mbele yake sahani za chuma, na nyuma ya sahani ukingo wa udongo. Wake kwa waume walijikunyata ndani ya makoti marefu, wakila maharagwe ya nyama yenye pilipili pamoja na mkate wa mdalasini, kahawa ikipoa kabla ya kufika mdomoni. Verlin alivaa kizibao cheusi. Britta alikijua. Mzee alikuwa amekivaa mara mbili kanisani katika miaka ya karibuni, na si kwa harusi.

Royce alikuwa amemruhusu aiazime bastola ya mpishi kwa siku ile, na Gaylen alimwazima ya pili, kwa kuwa kila mshindani hubeba mbili. Britta alipewa meza ya kupakulia, ambapo kila anayemaliza huja kuonyesha kwamba silaha zake ni tupu kabla ya kuondoka. Kazi hiyo ilimfaa. Haikuhitaji maneno.

Kwenye meza ya kupakia, Verlin aliingiza risasi moja, akaruka tundu, akaingiza nne, akashusha nyundo juu ya tundu lile tupu. Tano, kamwe si sita. Ni desturi ya tangu zamani, kwa sababu bastola ya kale ikianguka na nyundo imelalia risasi, inalipuka.

"Maji Kesho!" Sindano ya Shangazi alipaza sauti. "Leo usiwaambie sahani waje kesho!"

"Wajaze fomu kwanza," Verlin akajibu, na watu wakacheka.

Gaylen alisimama begani kwake na saa ya shindano. Saa ikalia. Verlin alivuta na kupiga, sahani ikalia. Akavuta na kupiga, ikalia. Hakuwa na haraka, na kile kidole gumba kilichopinda kiliifikia nyundo ile pana vizuri. Ya tatu ikalia, ya nne ikalia.

Akavuta nyundo mara ya tano, akasimama.

Mwanzoni walidhani analenga. Mstarini, nyundo ikishavutwa hairudishwi hivi hivi. Risasi hutoka, na hutoka mbele. Kila mtu pale alijua hilo, kwa hiyo wote walingoja. Lakini Verlin hakuwa anaitazama sahani. Aliitazama bastola yenyewe, mkononi mwake, jinsi mtu anavyomtazama mgeni aliyekaa kitini kwake. Mtutu ulikuwa umeelekea ukingo, haukuyumba. Upepo ulipindua kikombe cha karatasi na kukiburuta kwenye changarawe, na hakuna aliyekifuata. Watu waliokuwa wanatafuna waliacha kutafuna. Hakuna hata mmoja kati yao ambaye hakuwa kwenye maziko ya Lyle.

"Verlin," Gaylen alisema kwa sauti ambayo Britta hakujua kwamba anayo. "Tazama sahani, ndugu yangu."

"Naitazama."

"Nipo hapa ubavuni."

"Najua uko hapo."

Risasi ikatoka. Vumbi likaruka kwenye ukingo, mbali na sahani.

Gaylen akarudi kwenye sauti yake ya kuitia ng'ombe. "Mmeona? Nne zimepata maji, ya tano kaambiwa kesho!" Watu wakacheka kwa nguvu kuliko utani ulivyostahili, wakapiga makofi, na mshindani mwingine akaitwa.

Verlin alikuja meza ya kupakulia. Alitoa maganda moja moja, akazungusha silinda, Britta akachungulia kila tundu.

"Imenikaa vizuri," alisema bila kuinua macho. "Jumatatu nitakuja kuichukua."

Britta alitikisa kichwa kukubali. Kulikuwa na jambo alilotaka kusema. Nyuma ya Verlin mshindani mwingine alikuwa anasubiri zamu, na mzee akaondoka.

Jumapili baada ya kanisa, mjomba Royce alikuwa anafungua mikate yenye kabichi na nyama ambayo mama yake Britta ameituma. Britta alisimama mlangoni mwa jiko mpaka mjomba akamwona.

"Sema, mwanangu. Unanipotezea hamu ya kula."

"Mzee Verlin anainunua kesho."

"Nilisikia."

"Anakaa peke yake, Mjomba."

Royce aliurudisha mkate kwenye karatasi. "Ni mtu mzima. Hana kesi, hana deni na sheria. Babu yako hakuwauliza watu mambo yao, na mimi siwaulizi. Wakijua tunauliza, hawataleta tena kitu kwenye ile rafu. Unaelewa? Wataziacha nyumbani."

Britta aliitazama sakafu. Kisha akasema, taratibu sana, "Lyle hatukumuuliza."

Alijuta mara maneno yalipotoka. Uso wa mjomba ulilegea kama kitambaa kilichofunguliwa kamba. Alikaa akipangusa vidole kimoja kimoja, ingawa hakuwa amegusa mafuta.

"Hatukumuuliza," alisema. "Alikuwa anacheka. Ungemuuliza nini mtu anayecheka?"

Hakula tena. Alipotoka, alimgusa Britta begani, na hakumwambia afanye nini.

Jumatatu theluji ya kwanza ilikuwa inatawanyika barabarani bila kushika. Verlin alisimama nje kama kawaida. Aliingia. Hakufuta viatu. Kofia aliiacha kichwani.

"Nimekuja kuichukua," alisema.

Britta alitoa bastola na kumwonyesha kwamba ni tupu. Alingoja aombe ruhusa ya kuvuta nyundo. Hakuomba. Verlin alijaza fomu aliyotakiwa kujaza, Royce akapiga simu ya ukaguzi inayopigwa kabla ya kuuza silaha, na upande wa pili wakajibu kwamba hakuna kizuizi. Royce alirudisha simu mahali pake, akamtazama mpwa wake, akaenda chumba cha nyuma. Safari hii tupa haikusikika.

Britta aliifunga bastola katika karatasi yenye mafuta, akaiweka kwenye boksi. Alitafuta cha kurefusha. Akauliza kama anataka mfuko, na sauti yake ikatoka ndogo hivi kwamba Verlin hakuisikia. Mzee alichukua boksi, akaliweka kwapani, akageuka. Kwa nyuma alionekana mfupi kuliko kawaida. Kisogo chake kilikuwa kimenyolewa vibaya, mstari umekwenda upande, kazi ya mtu aliyezoea kunyolewa na mkewe.

Mkono wake ulipofika kwenye kitasa, Britta alitoka nyuma ya kaunta. Hakuwahi kufanya hivyo kwa mteja yeyote. Alisimama katikati ya duka, kati ya mbegu na ndoano za samaki, mikono haijui pa kukaa.

"Mzee Verlin."

Aligeuka.

Britta alikuwa amejiandalia maneno usiku kucha, yenye adabu, yanayozunguka mbali kabla ya kufika. Yote yalimkimbia. Likabaki moja.

"Ukiwa nayo peke yako nyumbani, utajiua?"

Chumba cha nyuma kitu kilianguka, chepesi, kikabingirika. Nje lori la viazi lilipita, vioo vikatetemeka, likatokomea. Verlin hakukasirika. Alimtazama Britta kwa muda kama mtu aliyekuwa amesimama nje ya mlango siku nyingi na mwishowe amefunguliwa, na hajui aanze kwa mguu gani. Alirudi mpaka kaunta. Aliweka boksi juu ya kioo. Akavua kofia, akaiweka kando yake, tundu likitazama juu.

"Sijui, binti," alisema. "Jumamosi nikiwa na akina Gaylen, hapana. Nyumbani, sijui. Iweke rafuni. Andika ni ya kusafishwa."